Kigugumizi na gitaa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Lubumbashi

Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa nyumba moja ya Katuba, watu hukutana kupiga gitaa. Baadhi yetu tuna kigugumizi, wengine hawana. Kilichotuleta pamoja ni gitaa kavu, lile la wazee wa Katanga la kupigwa kwa vidole. Mambo ya kusema yalifuata nyuma. Habari zilipoenea kwamba kuna vijana waliokuwa kimya na sasa wanasema mbele za watu, wazazi, walimu na wenye kigugumizi wenyewe walianza kutuletea maswali, na mengi ni yale yale. Mimi ninayeandika nina kigugumizi tangu utoto, na bado ninacho.

Yaya (yaani kaka au dada mkubwa), gitaa linaponya kigugumizi?

Hapana. Naliweka jibu hili juu kabisa kwa sababu wazazi wengi wanafika kwetu wakiwa wameshatoa feza kwa mtu aliyewaahidi kwamba mtoto atasema sawasawa ndani ya wiki chache. Kigugumizi kilichofika utu uzima kwa kawaida hakiondoki chote. Kinaweza kupungua, kinaweza kuwa chepesi, lakini kinachobadilika zaidi ni maisha yanayokizunguka. Mtu anaacha kukimbia simu. Anauliza bei mwenyewe. Anapanda teksi-basi na kutaja mahali anaposhukia, wakati zamani alikuwa anashuka popote mwenzake aliposhuka, kisha anatembea kwa miguu.

Kigugumizi ni nini hasa?

Ni kukatika kwa mtiririko wa maneno wakati msemaji anajua barabara anachotaka kusema. Mara silabi inajirudia: ka-ka-ka-kalamu. Mara sauti inavutwa: sssssombe, yaani majani ya muhogo. Na mara nyingine, na hii ndiyo inayochosha kuliko zote, mdomo umeshajipanga lakini hakuna kinachotoka. Macho yanafumba, shingo inakaza, mguu unapiga chini.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wanaiona. Wapo wenye kigugumizi ambao hujapata kuwasikia wakikwama hata siku moja, kwa sababu wanabadilisha neno kabla halijafika mdomoni. Mama mmoja wa kundi letu alitueleza jinsi alivyokuwa akitumwa soko la Kenya, komini ya hapa hapa mjini, kununua sombe. Sauti ya s ndiyo iliyokuwa ikimshinda. Akifika mbele ya muuzaji anasikia neno limekaza kooni, basi anaonyesha fungu la pili, la mchicha, na kusema "lengalenga". Anarudi nyumbani na lengalenga, anagombezwa kwa kutosikiliza, na hajitetei, maana kujitetea nako kunataka maneno. Usichana wake wote jirani walimjua kama binti msahaulifu. Hakuna aliyejua kwamba ana kigugumizi.

Bibi anasema tulimtekenya sana alipokuwa mchanga. Wengine wanasema ni laana ya ukoo. Ukweli ni upi?

Kutekenya hakuleti kigugumizi, wala kunyeshewa na mvua, wala kunyolewa mapema. Mara nyingi kinaanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, wakati anapoanza kuunga sentensi, na kinatokana na jinsi ubongo unavyopanga na kuendesha kazi ya kusema. Ukoo unahusika, ila kwa njia ya urithi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dennis Drayna walitangaza jeni za kwanza zinazohusishwa na kigugumizi. Mwaka 2015 ikaongezeka nyingine, iliyopatikana kwa kuchunguza familia moja kubwa ya Kameruni yenye wenye kigugumizi wengi. Jeni hizo zinaeleza sehemu ndogo tu ya watu wote wenye kigugumizi, lakini zinatosha kumwondolea mama lawama aliyobebeshwa na shangazi na wakwe.

Duniani kote, katika kila watu wazima 100, karibu 1 ana kigugumizi. Mji wetu una watu zaidi ya milioni 2. Kwa hesabu hiyo, wenye kigugumizi wa Lubumbashi wangeujaza uwanja wa Mazembe, timu yetu ya mpira, pale Kamalondo, na wengine wangebaki nje.

Kumgombeza mtoto ndiko kunakoleta kigugumizi?

Kunaleta hofu, na hofu ni mbaya peke yake. Mwaka 1939, katika jimbo la Iowa, Marekani, mwanafunzi aitwaye Mary Tudor, akisimamiwa na profesa Wendell Johnson, alifanya jaribio kwa watoto yatima. Baadhi yao walikuwa wanasema vizuri kabisa, lakini waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi, kwamba wajichunge, kwamba bora wasiseme kama hawawezi kusema sawasawa. Hawakugeuka kuwa watu wenye kigugumizi kama nilicho nacho mimi. Wengi wao waligeuka kuwa watoto wanaoogopa kufungua mdomo. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001, wakati wale watoto walikuwa wameshakuwa wazee.

Ninapomsikia mzazi akimwambia mtoto "sema vizuri au nyamaza", nawakumbuka wale yatima. Mtoto atanyamaza, kwa kuwa kunyamaza ndiko kurahisi.

Kwa nini sikwami ninapoimba?

Karibu kila mwenye kigugumizi analijua jambo hili, na karibu kila mmoja amewahi kutuhumiwa kwa sababu yake: "Mbona kwenye kwaya unaimba safi? Basi unajifanya."

Hajifanyi. Wimbo unakupa vitu ambavyo mazungumzo hayakupi. Irabu zinakuwa ndefu, sauti inaendelea bila kuzimwa na kuwashwa kila mara. Mapigo yanakuambia silabi ije lini. Maneno umeshayashika kwa moyo, huna haja ya kuyatafuta. Tena hakuna anayesubiri jibu lako wala atakayekukatiza. Vivyo hivyo wengi wetu hatukwami tunaposoma kwa pamoja na wengine, tunaposema na mtoto mchanga, tunaposema na mbwa, au tukiwa peke yetu chumbani. Mashabiki wa Mazembe wanapopaza sauti pamoja, mwenye kigugumizi aliye katikati yao anatamka kila neno kama wenzake. Mechi ikiisha, mtu akimwuliza dakika gani bao limeingia, anakwama kwenye "dakika".

Kwa hiyo kuimba kunaonyesha kwamba ulimi ni mzima, koo ni zima, pumzi ipo. Kwa mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba ulimi wake ni mbovu, si jambo dogo kujisikia mwenyewe hivyo. Lakini wimbo ukiisha, ufasaha unaisha nao. Wapo waliojaribu kusema kama wanaimba, au kupiga paja kwa kila silabi. Inafanya kazi siku chache, halafu mwili unazoea na kigugumizi kinarudi, na sasa una vitu viwili vya kuonea aibu, kukwama na kupiga paja.

Basi kama kuimba hakuponyi, gitaa linasaidia nini?

Linasaidia kwa yale yanayosemwa kati ya wimbo na wimbo. Hili ndilo tungependa kila mzazi alielewe, na ndiyo sababu jibu hili ni refu.

Kijana mmoja wa komini ya Kenya alikuja kwetu akakaa nyuma, Jumamosi baada ya Jumamosi, akipiga vizuri bila kusema neno. Siku moja mtoto mdogo alikuwa akihangaika na upigaji wa Mwenda. Inabidi nieleze upigaji wenyewe, vinginevyo mtu haelewi kilichotokea. Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene na kushika mwendo. Kidole cha shahada kinapita juu yake na sauti ya wimbo. Msikilizaji anadhani ni watu wawili. Sasa yule mtoto, kila kidole cha shahada kilipoanza, gumba lake lilisimama. Sisi wakubwa tulisikia kwamba kuna kitu kinavunjika, hatukuona ni wapi. Kijana aliona.

Akasema, "Gu-gu-gu…" na hapo akakwama, uso ukageukia ukutani. Mtoto hakucheka. Aliinua gumba lake akalitazama, kisha akamwangalia yule yaya na kusubiri, kwa sababu alitaka kujua. "Gumba lako linasimama," kijana akamaliza. "Li-lisisimame. Hata ukikosea huku juu, lenyewe liendelee." Wakakaa wawili hivyo mpaka jua lilipoanza kuingia, na kijana alisema maneno mengi kuliko yote tuliyowahi kuyasikia kwake. Alikwama mara nyingi sana. Alikuwa na kazi ya kumfundisha mtoto, na kukwama kukawa jambo la pembeni.

Mwenye kigugumizi amezoea kusema mahali ambapo yeye ndiye anayepimwa: darasani, ofisini, mbele ya baba mkwe. Kwenye kitu anachokipenda na kukijua, mambo yanageuka. Msikilizaji ndiye mwenye shida, na mwenye shida husubiri. Halafu gitaa lenyewe linaruhusu kunyamaza. Mpigaji akisimama kukaza uzi, hakuna anayemwambia fanya haraka. Kimya chake kina sababu, na ndani ya kimya hicho neno lililokwama linapata nafasi ya kulegea. Na watu ni wale wale kila wiki. Mara ya kwanza wanashangaa unapokwama, mara ya tatu wameshazoea, na wewe umezoea kwamba wamezoea.

Nianze vipi kama ninaogopa hata kusalimia?

Anza na kitu kidogo kinachohitajika kweli. Kutaja uzi uliolegea. Kumwambia jirani "rudia hapo". Usijitungie hotuba.

Ukishaona hilo linawezekana, sema sentensi moja kabla ya kupiga: wimbo huu nimefundishwa na nani, au utaona kidole kinapita wapi. Baadaye nenda mwenyewe kununua nyuzi na uulize bei, hata kama unaijua. Baadaye piga simu kuuliza kama duka lina uzi wa kwanza, ule mwembamba, maana ndio unaokatika mara nyingi. Simu ni ngumu kwa wengi wetu kwa sababu mtu wa upande wa pili haoni uso wako. Akisikia kimya anadhani laini imekatika na kufunga. Usiweke simu kuwa hatua ya kwanza.

Unapokwama, usilisukume neno. Charles Van Riper, Mmarekani aliyekuwa na kigugumizi na akatumia maisha yake kuwafundisha wenye kigugumizi, aliwazoeza watu kukwama kwa ulaini. Neno limekaza; acha kusukuma, sikia ni wapi pamekaza, midomo au koo, legeza hapo, halafu toka ndani ya neno polepole mpaka mwisho wake. Na kama limeshatoka kwa kishindo, tulia kidogo, lirudie kwa ulaini, ndipo uendelee. Mpiga gitaa anaielewa kazi hii haraka, kwa sababu anajua kwamba mkono ukikaza sana shingo ya gitaa sauti inakufa.

Niwaambie watu kabla ya kuanza kwamba nina kigugumizi?

Ndiyo, na kwa maneno machache. Mmoja wetu husema: "Nina kigugumizi, nitachelewa kidogo, mnisubiri." Kisha anapiga. Nguvu nyingi tunazopoteza ni za kuficha. Ukishasema, huna tena cha kuficha, na watu nao wanajua wafanye nini.

John Larkin, mpiga piano wa jazi wa Marekani aliyejulikana kama Scatman John, alikuwa na kigugumizi kikali. Alipokaribia kutoa wimbo mwaka 1994, akiwa na miaka 52, aliogopa kwamba watu watagundua. Aliamua kukitaja kigugumizi chake ndani ya wimbo wenyewe, na wimbo ukavuka mipaka ya nchi nyingi. B.B. King, bingwa wa gitaa la blues, alikuwa na kigugumizi. Mwimbaji Bill Withers naye alikuwa nacho mpaka ukubwani. Nawataja kwa ajili ya vijana wanaodhani jukwaa si mahali pao.

Jina langu mwenyewe ndilo linanishinda. Ni kawaida?

Kawaida kabisa. Maneno mengine unaweza kuyakwepa, jina lako huwezi, na linaulizwa na watu wasiokujua, mara nyingi mahali pa kuogopesha. Kwetu kila anayefika, hata kama tunamjua tangu zamani, anataja jina lake kabla ya kupiga wimbo wake wa kwanza. Likichukua muda, linachukua muda.

Kwa Kifaransa ninakwama zaidi kuliko kwa Kiswahili. Nina akili ndogo?

Akili haihusiki. Mwenye lugha mbili kwa kawaida hugugumia katika zote mbili, ila si kwa kiasi sawa, na mara nyingi ile anayoitumia kwa hofu, au asiyoizoea vizuri, ndiyo inayomkaza zaidi. Hapa kwetu Kiswahili ni cha nyumbani na cha barabarani, Kifaransa ni cha masomo, cha ofisi na cha kuomba kazi. Kinakuja kikiwa na mwalimu na alama zake.

Tunachofanya ni kuleta Kifaransa kwenye gitaa pia, taratibu. Mwanafunzi wa sekondari anaeleza akodi tatu kwa Kiswahili, halafu wiki nyingine anazieleza kwa Kifaransa kwa watu wale wale. Kijana mmoja aliyekuwa na mtihani wa kusema mbele ya walimu alifanya mazoezi yake yote kwetu hivyo, gitaa likiwa mapajani.

Mimi ni mwalimu. Nifanye nini mtoto anapokwama darasani?

Subiri. Mwangalie usoni kama unavyomwangalia mwingine. Usimmalizie neno, hata kama unalijua, na usimwambie "pumua kwanza" au "tulia", kwa sababu anayesikia hivyo anaelewa kwamba umekiona kigugumizi na hukusikia alichosema. Ukiita watoto kwa kufuata mstari wa madawati, mwenye kigugumizi anakaa akihesabu vichwa mpaka zamu yake, na somo lote limempita. Mwulize faraghani angependa aitwe vipi. Wengine wanapenda kuwa wa kwanza ili waishe na hofu. Anayecheka, mzuie siku hiyo hiyo.

Na ujue anachokipenda. Mtoto asiyejibu swali la historia anaweza kusimama akaeleza jinsi ya kutengeneza banjo.

Kanisani wanasema ni pepo la ububu.

Wengi wetu ni watu wa sala, na hatuoni aibu kuomba. Lakini Musa mwenyewe alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, na Mungu hakumwambia ana pepo. Alimtuma hivyo hivyo, akampa Haruni wa kumsaidia. Kumsimamisha mtoto mbele ya mkutano na kumpigia kelele aseme jina lake, kisha kumlaumu kwa imani ndogo linapokwama, kunaumiza, na tumewapokea vijana wanaolia wanapokumbuka siku hizo.

Mengine tunayoulizwa: kukata kamba iliyo chini ya ulimi hakuondoi kigugumizi, na ni jeraha. Kuweka mawe mdomoni, kama inavyosimuliwa juu ya Demosthenes wa Ugiriki ya kale, ni hatari ya kupaliwa. Dawa za majani za kunywa, tafadhali usimpe mtoto kwa ajili ya hili.

Watu wakicheka?

Watacheka wengine, tusidanganyane. Wapo wanaocheka kwa ubaya, na wapo wanaocheka kwa kuwa hawajui wafanye uso gani. Kwa wa pili, ile sentensi ya "nina kigugumizi, mnisubiri" inatosha mara nyingi. Kwa wa kwanza, maliza ulichokuwa unasema. Ukikatisha katikati, umeondoka na kicheko chao tu. Ukimaliza, wamecheka na ujumbe wako umefika. Na sisi tuliopo tunao wajibu wetu: mkubwa aliyeko mahali hapo anyamazishe kicheko, asimwachie mwenye kigugumizi kazi zote mbili.

Binti yangu ndiye mwenye kigugumizi. Mbona naona wavulana tu?

Kwa watu wazima, wanaume wenye kigugumizi ni kama mara 4 ya wanawake. Kwa hiyo msichana anaweza kukua akiamini yuko peke yake, na msichana mkimya husifiwa kwa adabu, hakuna anayeuliza kwa nini hasemi. Mlete, au mtafutie mahali pengine penye wanawake wanaosema. Yule mama wa lengalenga ndiye anayewafundisha wasichana kwetu.

Mimi sipendi muziki.

Usilazimishe. Penda unachokipenda. Tunamjua fundi wa baiskeli wa Kampemba ambaye hasemi kitu mpaka umwulize kuhusu mnyororo, na hapo hata akikwama hakuachi uondoke. Kuna anayefuga njiwa, kuna anayecheza dama, kuna mama anayefundisha kuoka mikate. Kuna kijana ambaye habari yake ni Mazembe tu. Mwulize juu ya Desemba 2010 kule Abu Dhabi, atakueleza jinsi timu yetu ilivyoifunga Pachuca ya Meksiko 1–0, ikaifunga Internacional ya Brazili 2–0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu bingwa ya dunia, na kwamba Inter ya Italia ilishinda 3–0. Kila jina la timu linamkwamisha na kila moja analifikisha mwisho.

Kitakachokusaidia kina sifa moja ambayo hatuwezi kuiacha: kiwe na watu. Anayechora peke yake usiku atapata raha, na raha ni kitu chema, lakini hatapata mtu wa kumweleza. Achore, halafu akaeleze.

Mtoto wangu ana miaka 3 na ameanza kurudia silabi. Niogope?

Karibu watoto 5 katika kila 100 hupitia kigugumizi wakati fulani, na wengi wao, kama robo tatu au zaidi, huacha wenyewe. Kwa hiyo usiogope, ila uangalie. Sema naye polepole wewe mwenyewe, badala ya kumwamuru aseme polepole. Mpe muda wake kila siku bila kaka na dada wa kumkatiza. Tafuta ushauri mapema kama kimepita miezi 6, kama kuna watu wazima wenye kigugumizi katika ukoo, au kama unaona mtoto anateseka: anakaza uso, anaacha maneno, anasema "siwezi".

Mtaalamu anapatikana wapi?

Fundi wa kazi hii anaitwa ortofoniste. Ni wachache, kwa hiyo anza kwenye hospitali kubwa, idara ya masikio, pua na koo, uulize nani anashughulikia matamshi. Wapo pia wanaozungumza Kifaransa wanaofanya kazi kwa njia ya video. Tunachofanya Jumamosi hakichukui nafasi yao. Aliyempata mtaalamu anakuja kwetu kutumia alichofundishwa.

Jambo moja halisubiri: mtu mzima aliyekuwa anasema vizuri na ghafla anaanza kukwama, hasa baada ya kugonga kichwa au upande mmoja wa mwili kulegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna siku maalum ya kigugumizi?

Tarehe 22 Oktoba, tangu mwaka 1998. Sisi siku hiyo tunapiga kama kawaida na kuwaalika walimu wa jirani.

Sina gitaa wala feza ya kulinunua. Nije?

Njoo. Magitaa yetu ni machache na yanazunguka. Anayesubiri zamu anaangalia vidole vya mwenzake, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Watoto wengine wanakuja na banjo walizotengeneza: galoni ya mafuta kwa tumbo, ubao kwa shingo, na nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Chambua waya taratibu, maana ncha zake zinachoma vidole, na usikaze sana siku ya kwanza kabla ubao haujazoea. Ukikwama katika kutengeneza, ilete ilivyo, yupo wa kukueleza. Viti havitoshi, hivyo mwenye kiti aje nacho.